Gunia la Nyuma ya Nyumba

Ndugu msomaji, kama umewahi kupanda basi kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha, basi Same umeipita, hata kama hukumbuki. Pengine ulikuwa umelala. Abiria wengi huamka pale upepo wetu unapoanza kulisukuma basi ubavuni. Huchungulia dirishani wakaona vumbi, miba na mashamba ya mkonge, na mkono wa kulia ukuta wa milima uliovaa mawingu, kisha hufunga pazia wakaendelea na usingizi wao. Sisi wenyeji hatuna kinyongo. Tunajua kwamba huko juu ya mawingu kuna baridi, migomba na maji ya kwenye ndiva, na kwamba kilele cha Shengena kina mita 2,462. Chini kuna jua na upepo. Ukoo wangu una miguu miwili: mmoja uko juu Vudee, mwingine uko chini Same mjini. Habari ninayotaka kusimulia ilianzia juu, ikaishia chini, nyuma ya nyumba yetu, kwenye mti wa mwarobaini.

Mwaka 2018 nilikuwa kidato cha nne. Usiku wa tarehe 8 Septemba mwaka ule, kijana wa Tanga, Hassan Mwakinyo, alipanda ulingoni mjini Birmingham, Uingereza, kupigana na Sam Eggington, bingwa wa zamani wa Uingereza. Mwakinyo aliitwa dakika za mwisho, kama mtu wa kuziba pengo. Raundi ya pili mwamuzi akasimamisha pambano, na aliyesimama miguuni kwake akiwa mzima alikuwa ni mtu wetu. Jumapili asubuhi kijiweni hapakuwa na habari nyingine. Tanga si mbali na kwetu. Reli ile ile ya zamani inayopita Same inatokea Tanga. Tuliona kama vile mtoto wa jirani ndiye aliyewaumbua wakubwa, na kufikia jioni kila kijana wa mtaani alikuwa bondia.

Mimi na mshikaji wangu mmoja tulitaka kufanya mambo kwa vitendo. Tukapata gunia la katani, lile zito la zamani, tukalibeba hadi korongoni tukalijaza mchanga mpaka juu. Tukalishona kwa sindano ya magunia, tukalifunga kamba ya katani na kulitundika kwenye tawi la mwarobaini. Kulinyanyua ilibidi tuwaite watu wawili zaidi. Lilipotulia pale linaning'inia, tuliliangalia kwa fahari kama watu waliomaliza kujenga nyumba.

Glovu hatukuwa nazo. Wapare tunasemwa sana kwa ubahili, na utani huo sisi wenyewe tunaupenda, lakini hapa haukuwa ubahili. Hela ya glovu haikuwepo. Kama ilivyo kawaida ya binadamu, kile tulichokosa tukakigeuza kuwa kitu cha kudharau. Tukasema glovu ni za watoto wa mjini. Mwanamume wa kweli hupiga gunia kwa mkono mtupu ngozi ikachubuka, ikaota nyingine, ikachubuka tena, hadi siku moja mkono unakuwa kama nyundo. Tulikuwa tumeziona filamu za karate kwenye kibanda cha video, mtu anachomeka ngumi kwenye mchanga wa moto. Usiku tulilowesha mikono kwenye maji ya chumvi ili ngozi ikomae. Maumivu yake usiulize.

Lakini ndugu msomaji, nikisema nilipiga gunia kwa sababu ya Mwakinyo tu nitakuwa sijasema ukweli wote. Lile gunia lilikuwa na sura ya mtu.

Baba yangu alikuwa na shauri na kaka yake, yaani baba yangu mkubwa. Shauri lilihusu kipande cha shamba huko Vudee, migomba michache na mibuni mizee, mahali ambapo masale ya mpakani yalikuwa yameng'olewa, na kila mmoja akasema mwenzake ndiye aliyeng'oa. Watu wana msemo kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Sisi hatukuwa na ng'ombe wa kuuza, ila nauli za kupanda na kushuka mlimani zilikuwa zinakula pesa ya mboga. Wazee waliketi, shauri likaahirishwa. Wakaketi tena, likaahirishwa tena. Baba alirudi kila mara akiwa kimya, akaomba maji ya kunywa, akakaa barazani akiangalia milima. Ule ukimya wake ulikuwa unanikaanga. Kila alfajiri kabla ya shule nilitoka nyuma ya nyumba, nikasimama mbele ya gunia, nikamwona baba mkubwa. Ngumi mia mbili. Naye alikuwa hasemi kitu, anayumba tu.

Mwanzoni mwa Oktoba akaja mjomba kutoka Tanga. Mjomba alicheza ngumi za ridhaa alipokuwa kijana, miaka ya 1990, na mpaka leo hutembea kama mtu anayesikiliza kengele. Ni mtu wa kumbukumbu. Atakuambia habari za Titus Simba, aliyeleta medali ya fedha ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kutoka Edinburgh mwaka 1970. Atakuambia habari za Michael Yombayomba, aliyeleta dhahabu ya michezo hiyo hiyo kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998, na akifika hapo husimama kabisa kuonyesha.

Alfajiri ya pili alinikuta kwenye gunia. Hakunisalimia. Alilizunguka, akalibonyeza juu, akalibonyeza chini, kisha akapiga mluzi.

"Mjomba," aliniambia, maana mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, "hili umelijaza nini?"

"Mchanga, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Mchanga mtupu?"

"Mtupu."

Akaniambia niguse mwenyewe. Kweli, kwa zile wiki chache mchanga ulikuwa umeshuka na kushindiliana. Kifuani gunia lilikuwa laini, lakini tumboni lilikuwa jiwe. Nilikuwa nimeshaligundua hilo bila kuligundua: nilikuwa napiga juu siku nilizochoka na chini siku nilizotaka kujisikia dume. Mjomba akasema gunia la ngumi hujazwa matambara, nguo kuukuu zilizokatwa vipande vidogo, labda na maranda ya fundi seremala. Ukitaka uzito, tia mchanga kidogo kwenye vimfuko vilivyofungwa vizuri, uvizike katikati, matambara yavizunguke pande zote. Gunia linatakiwa likupokee, halitakiwi likurudishie.

Kisha akanishika mkono akaukunjua. Ngozi ya vifundo ilikuwa imeota magamba. Mimi nilifikiri atasifia.

"Hii ni ngozi tu," akasema. "Ngozi inaota. Shida iko ndani."

Akanikunja ngumi yeye mwenyewe, kidole kimoja kimoja, kidole gumba kikakaa nje juu ya vingine. Akanionyesha kwamba kifundo cha kidole cha shahada na cha kidole cha kati ndivyo vilivyokaa sawa na mkono, na mifupa yake imeshikamana imara na kifundo cha mkono. Akachukua ule mfupa wa kidole kidogo akautikisa kwa vidole vyake viwili: ulicheza. Hata wewe msomaji jaribu sasa hivi, utauona unavyocheza. "Huu," akasema, "Mungu hakuuweka kwa ajili ya kupigia. Ameuweka ili uweze kushika jembe. Ukirusha ngumi ya kuzungusha bila mpango, huu ndio unaotangulia kufika."

Nikamuuliza kuhusu wale wa karate. Hakuwadharau. Alisema kule Okinawa wana ubao wao wa mazoezi uliosimikwa ardhini na kuzungushiwa kamba ya majani, lakini ubao ule unanepa. Wanaupiga polepole kwa miaka, na mfupa hukaza kidogo kidogo kwa kuzoeshwa mzigo mdogo mdogo. "Wewe una wiki ngapi?" Nikanyamaza. Akaendelea kunichekesha na historia. Wazungu wa Uingereza walipigana ngumi mkono mtupu zamani, na mapambano yao yalikwenda muda mrefu kwa sababu aliyempiga mwenzake kichwani kwa nguvu zote aliweza kuvunja mkono wake mwenyewe, kwa hiyo waliogopa kichwa. Kanuni za mwaka 1867, zile zinazoitwa za Queensberry, ndizo zilizotaka watu wavae glovu. "Glovu, mjomba, inalinda mkono wa mpigaji kabla haijalinda uso wa mpigwaji. Ndiyo maana waliovaa glovu wanaweza kupiga kwa nguvu zaidi."

Alitoa mfukoni bandeji mbili ndefu zilizofifia rangi. Akanifunga: kwanza kifundo cha mkono mara tatu, halafu kwenye vifundo vya vidole, halafu katikati ya kidole na kidole, halafu kifundo tena. Mkono ukawa kitu kimoja. Tukapiga raundi moja ya dakika tatu, tukapumzika dakika moja, tukapiga nyingine. Akasema hata mkono mtupu una kazi yake: upige gunia laini polepole, bila nguvu, ili ngumi ijifunze kufika ikiwa imenyooka. Mkono mtupu husema kweli. Ukikosea kidogo unauma kidogo, nawe unajirekebisha. Lakini siku ya kupiga kwa nguvu, funga.

Alipoondoka aliniachia zile bandeji. Ningependa kusema kwamba nilizitumia. Nilizitundika ukutani kama mapambo. Mshikaji wangu aliniuliza kama sasa nimekuwa muuguzi, nikacheka naye. Na matambara sikuyatafuta. Mchanga ukabaki.

Katikati ya Oktoba wazee waliketi tena Vudee. Nilimsindikiza baba. Baba mkubwa alisimama mbele ya watu akasema maneno kuhusu baba yangu ambayo sitayaandika hapa, kwa kuwa wote wawili bado wako hai na mimi ni mtoto wao. Shauri likaahirishwa. Tuliteremka na gari la jioni tumebanwa katikati ya mikungu ya ndizi, na njia nzima baba hakufungua mdomo. Giza lilikuwa limeingia tulipofika. Sikuingia ndani. Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba.

Nilipiga bila kuhesabu. Sikuona gunia, niliona ule mdomo ukisema. Ngumi ya mwisho niliizungusha kutoka mbali, chini, kwenye lile tumbo la jiwe. Sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia sauti ndogo, kama mtu anayevunja kijiti kavu cha kuwashia moto, nikajiuliza nani anawasha moto saa hizi. Halafu nikaona kifundo cha kidole kidogo hakipo. Kilikuwa kimezama.

Hospitali walipiga picha. Tabibu aliishika dhidi ya mwanga, akanionyesha mfupa uliopinda shingoni kama msumari uliopigwa vibaya. Akaniuliza nilipiga ukuta au nilipiga mtu. Nikasema gunia. Akatikisa kichwa, akasema mkono una mifupa 27, nami nimechagua kuvunja ule ambao watu wenye hasira huuvunja kila siku. Wakanifunga plasta, hogo kama tunavyoliita mtaani, kidole kidogo na jirani yake wakaingia ndani, vingine vitatu vikabaki nje. Mkono wa kulia. Ilikuwa imebaki chini ya wiki tatu mtihani wa kidato cha nne uanze.

Nilitegemea baba angenigombeza. Hakunigombeza. Usiku ule alikuja akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nikiwa mdogo.

"Ulikuwa unampiga nani?"

Sikujibu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa.

Hapa lazima nikuambie kitu. Baba alikuwa mkata mkonge kwa miaka mingi kabla mgongo haujamkatalia. Mkonge ulifika nchi hii mwaka 1893, miche 62 tu ndiyo iliyopona safari hadi Tanga, na kutokana na hiyo yakatoka mashamba yaliyoifanya nchi yetu iongoze duniani miaka ya 1960. Hayo nilifundishwa shule. Jambo ambalo shule haikunifundisha ni kwamba kila jani la mkonge lina mwiba nchani, na maji yake yakikugusa penye mchubuko unawashwa mpaka unataka kulia. Nikiwa mtoto nilimwona baba kila alfajiri akikaa kwenye kigoda anafunga mikono kwa matambara ya kanga kuukuu za mama. Alifunga polepole, bila haraka hata kama amechelewa. Nilikuwa nimeyaona hayo kwa miaka yote, lakini sikuwahi kuyafikiria.

Usiku ule akanionyesha viganja vyake kwenye mwanga wa taa. "Watu walioanza kazi pamoja na mimi, wale waliojifanya mikono yao migumu, hawakumaliza mwaka. Mwiba haujui kwamba wewe ni dume." Akanyamaza kidogo. "Na siku niliyokuwa na hasira, labda nimegombana na nyapara, siku hiyo nilifunga matambara vizuri zaidi. Maana nilijua leo nitakata vibaya."

Kisha akasema jambo lililonishinda. "Na yule unayempiga ni kaka yangu. Mimi ndiye ninayedaiana naye. Wewe hudaiani naye kitu."

Siku tatu baadaye baba mkubwa akaja. Habari za mlimani hushuka haraka kuliko gari. Alikuja na mkungu wa ndizi begani, akautua mlangoni, akasimama nje kama mtu asiyejua kama ataambiwa karibu. Mimi ndiye niliyekuwa barazani. Nilisimama. Mkono wa kulia uko kwenye plasta, nao wa kushoto, kama unavyojua, hautolewi kwa mkubwa. Nikabaki nimeduwaa.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu." Akaiangalia plasta kwa muda. Halafu akanyoosha mkono wake wa kushoto yeye kwanza, akaushika wa kwangu, akaushikilia. Kiganja chake kilikuwa kigumu sawasawa na cha baba. Ni mikono ya mama mmoja. Akauliza, "Utaandika mtihani?" Nikasema nitaandika.

Sitaki kukudanganya kwamba shauri liliisha siku ile. Baba alitoka, wakasalimiana kwa maneno mawili, mkungu ukaingizwa ndani, na mwaka uliofuata bado walikuwa wanakwenda mbele ya wazee. Lakini mimi nilikuwa nimetoka katika kesi isiyo yangu.

Mtihani niliufanya Novemba kwa vidole vitatu. Kalamu iliwezekana kushikika, ila kila mstari ulipanda hadi begani. Hesabu nilijitahidi. Kilichoniuma zaidi ni karatasi ya Kiswahili, maana hiyo ndiyo niliyokuwa nikiitegemea. Kwenye insha nilikuwa na mengi ya kusema, kichwa kinakimbia na mkono unatambaa. Kengele ililia nikiwa katikati ya sentensi. Matokeo yalipotoka nilipata daraja la tatu, na mchepuo niliokuwa nautaka ulinipita. Nimefika nilipo kwa kuzunguka.

Nawaandikia nyinyi mnaosoma jarida hili kwa sababu wengi wenu mnashika kalamu, na nimewasikia mkisema maneno yale yale tuliyosema sisi chini ya mwarobaini. Kwamba mwandishi wa kweli humwaga hasira yake ilivyo. Kwamba kusahihisha ni woga, na kumpa mtu asome kwanza ni utoto. Mimi sikatai hasira. Gunia lisilopigwa ni mzigo tu juu ya mti. Nasema kwamba mkono ndio huo huo utakaouhitaji kesho. Usiuvunje kumwonyesha mtu ambaye hata hakuangalii.

Kifundo changu cha kidole kidogo hakikurudi mahali pake. Nikikunja ngumi kuna shimo. Hakiumi, isipokuwa asubuhi za baridi nikipanda Vudee.

Lile gunia tulilipasua mimi na mshikaji wangu, tukamwaga mchanga, tukalijaza matambara, na bado linaning'inia. Likizo iliyopita nilipokuwa nyumbani nilisikia kishindo alfajiri. Nikatoka. Alikuwa ni mtoto wa jirani, miaka kumi na mitatu hivi, anapiga kwa mkono mtupu, meno ameyauma, machozi yanamtoka. Hakuniona. Sikumuuliza anampiga nani.

Nilirudi ndani, nikazishusha zile bandeji za mjomba ukutani, nikatoka nazo. "Mdogo wangu," nikamwambia, "lete mkono."